Jinsi ya kusoma matundu ya risasi kwenye ndege za kivita za zamani

Anayesafiri kutoka Moshi kupitia Himo hadi Taveta anapita katika ardhi iliyopiganiwa vikali mwezi Machi 1916, majeshi ya Uingereza yalipovivamia vilima vya Latema na Reata na baadaye kuingia mjini Moshi. Katika siku hizo ndege zilikuwa tayari zinaruka juu ya nyika hiyo. Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, kilichoundwa na Waafrika Kusini, kilikuwa na kambi Mbuyuni, upande wa Kenya ya leo, na miongoni mwa ndege zake zilikuwamo BE2c, ambazo kiunzi chake kilikuwa cha mbao, gamba lake lilikuwa kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza, na mabawa yake mawili, la juu na la chini, yalishikwa kwa nguzo na nyaya. Chini yake walikuwapo askari wa jeshi la Wajerumani wenye bunduki, baadhi yao wakiwa bado na zile za zamani za milimita 11 zilizotumia baruti ya moshi.

Nilipowaonyesha picha ya ndege hiyo vijana ninaowafundisha ufundi wa bodi za magari hapa Moshi, mmoja wao aliniuliza, "Mwalimu, kitu cha kitambaa kinawezaje kutobolewa na risasi kikarudi nyumbani, wakati ndege ya bati nene inaanguka kwa risasi moja?" Mwongozo huu unajibu swali hilo. Unamhusu mtu anayetazama picha, mchoro au mabaki ya ndege ya vita vya zamani na anataka kuelewa kwa nini tundu moja lilikuwa jeraha dogo na jingine likawa kifo. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: picha iliyo wazi, mchoro unaoonyesha sehemu za ndani za ndege hiyo hiyo, penseli, rula na uzi.

Anza na kiunzi kabla ya tundu

Kosa la kwanza la watazamaji wengi ni kuhesabu matundu. Idadi ya matundu pekee haielezi jambo kubwa. Kabla ya kuligusa tundu lolote, tafuta kwanza ni kitu gani kilichokuwa kikibeba uzito wa ndege hiyo, kwa sababu gamba la nje la baadhi ya ndege lilikuwa nguo tu, na la nyingine lilikuwa ndiyo mifupa yenyewe.

Fundi wa magari anaielewa tofauti hii bila maelezo marefu. Lori aina ya Fuso lina chesisi, na bodi ya mbao iliyowekwa juu yake inaweza kubomoka upande mzima bila gari kupinda. Basi dogo aina ya Hiace halina chesisi ya namna hiyo, kwani bati la bodi, nguzo za milango na sakafu vyote vinashirikiana kubeba mzigo, na ndiyo maana Hiace iliyooza chini ya milango ni hatari kuliko inavyoonekana. Ndege za zamani nazo zimegawanyika vivyo hivyo.

Hurricane ya Waingereza, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 1935, ilikuwa jamaa ya lile Fuso. Sehemu ya nyuma ya kiwiliwili chake ilikuwa mabomba ya chuma yaliyounganishwa kuwa fremu, yakazungushiwa mbao nyembamba za kuipa ndege umbo, kisha kitambaa kikatandazwa juu. Risasi iliyoingia ubavuni ilikuwa na nafasi kubwa ya kupita katikati ya mabomba na kutokea upande wa pili, ikiacha matundu mawili ya kushonwa na kubandikwa viraka. Hata kombora dogo la mzinga wa milimita 20, lililotengenezwa lipasuke linapogonga kitu kigumu, mara nyingine lilipita kwenye kitambaa bila kupasuka. Spitfire, iliyofuata miezi michache baadaye, Machi 1936, ilikuwa ya jamii ya Hiace: gamba la alumini lililopigwa ribiti na kubeba sehemu ya mzigo. Ilikuwa na kasi zaidi, lakini kuitengeneza kulihitaji mafundi wa bati wenye ujuzi na muda mrefu zaidi.

Ili kuona kwa macho jinsi gamba linavyobeba mzigo, chukua kopo tupu la soda lisilo na mkunjo wowote, lisimamishe sakafuni, kisha mtoto mwepesi apande juu yake polepole kwa mguu mmoja huku ameshikwa mkono. Mara nyingi kopo litambeba. Sasa liguse ubavuni kwa kijiti, ukilibonyeza kidogo tu, na litajikunja papo hapo. Bati lenyewe halikupungua hata chembe, bali umbo lililokuwa likilifanya liwe na nguvu limevunjwa. Gamba la ndege lililobonyezwa au kupasuliwa upande unaosukumwa huanza kujikunja kwa namna hiyo hiyo, na ndiyo sababu mkunjo mrefu kando ya tundu ni dalili mbaya kuliko tundu lenyewe.

Ipo jamii ya tatu ambayo mimi binafsi naipenda kuliko zote. Ndege ya mabomu ya Wellington, iliyoruka mara ya kwanza mwezi Juni 1936, ilitumia kiunzi kilichobuniwa na Barnes Wallis: vipande vya alumini ngumu vilivyopishana kwa mshazari kuzunguka kiwiliwili chote na mabawa, juu yake kitambaa. Mtu aliyewahi kubeba kuku katika tenga anakijua kiunzi hicho. Kata fito mbili au tatu za tenga, nalo litaendelea kushika umbo, kwa maana mzigo uliokuwa ukipita katika fito zilizokatika utahamia kwenye fito za jirani. Zipo picha za Wellington zilizorudi zikiwa na sehemu kubwa ya kitambaa imeungua na kiunzi kikiwa wazi kama mbavu za ng'ombe, na bado zilitua.

Fuata njia ya mzigo

Ukishajua jamii ya ndege, chora kwa penseli njia ambayo uzito unapita. Katika bawa, sehemu ya kutazamwa kwanza ni boriti kuu, yaani ule mhimili unaotoka kwenye kiwiliwili kuelekea ncha ya bawa. Watoto wakining'inia kwenye tawi la mwembe, tawi huvunjikia karibu na shina, kwa kuwa hapo ndipo nguvu ya kupinda inakuwa kubwa kuliko kwingine kote. Bawa nalo lina mkazo mkubwa zaidi shinani na mkazo mdogo nchani. Tundu la risasi mita moja kutoka ncha ya bawa linaweza kupuuzwa, ilhali tundu la ukubwa ule ule katika boriti, karibu na kiwiliwili, linastahili kuzungushiwa alama nyekundu.

Tazama pia kama tundu liko juu au chini. Ndege inaporuka, hewa inasukuma mabawa kwenda juu, kwa hiyo upande wa chini wa boriti unavutwa na upande wa juu unabanwa. Bati linalovutwa likiwa na tundu la mviringo, mkazo kwenye kingo za tundu hilo hufikia takriban mara tatu ya mkazo wa sehemu nyingine ya bati, na hiyo ni kwa tundu laini lililotobolewa kwa keekee. Tundu la risasi lina kingo zilizochanika, na kila mchaniko ni mwanzo wa ufa. Wachomeleaji na mafundi wa bodi wanalijua jambo hili kwa mikono yao, maana ufa ukianza kutembea kwenye bati, fundi makini hutoboa tundu dogo la mviringo pale ufa unapoishia ili usiendelee, kisha ndipo anaweka kiraka.

Jiulize kila mara kama mzigo ulikuwa na njia ya pili. Katika ndege nyingi za mabawa mawili za enzi za BE2c, nyaya zilizobeba bawa wakati wa kuruka ziliwekwa mbili mbili, ili mmoja ukikatwa na risasi mwenzake abaki. Mfano mkubwa wa njia ya pili ulionekana tarehe 1 Februari 1943 juu ya Tunisia, pale ndege ya mabomu ya Marekani aina ya B-17, iliyopewa jina la All American, ilipogongana na ndege ya Kijerumani aina ya Messerschmitt 109. Kiwiliwili chake kilikatwa karibu chote mbele ya mkia, na bawa la mkia la upande wa kushoto likang'oka kabisa. Ilirudi ikatua na watu wake wote kumi wakiwa hai, kwa sababu sehemu ndogo ya bati na mbavu iliyobaki ilitosha kuushika mkia. Huo ulikuwa mgongano na si risasi, lakini somo lake kuhusu njia ya mzigo ni lile lile.

Fuata vimiminika

Hapa ndipo ningependa msomaji akae muda mrefu zaidi, kwa sababu ndege nyingi ziliangushwa na kitu kilichovuja wakati mifupa yake ikiwa bado imara. Tafuta katika mchoro mambo matatu: mafuta ya petroli yalikaa wapi, oili ilipita wapi, na kama injini ilipozwa kwa maji au kwa hewa.

Dereva ambaye mpira wa rejeta yake uliwahi kupasuka akipanda mlima kuelekea Ngorongoro anajua kwamba gari zima linaweza kuwa salama na bado safari imekwisha. Mustang ya Marekani ilikuwa na injini ya Merlin ya silinda 12 iliyopozwa kwa maji, na rejeta yake ilikuwa tumboni, nyuma ya rubani, mabomba yakipita chini ya kiwiliwili kuifikia injini iliyo mbele. Risasi moja ya bunduki ya kawaida katika mabomba hayo ilitosha kuyamwaga maji yake, na baada ya dakika chache injini ilikwama. Thunderbolt, mwenzake wa jeshi lile lile, ilikuwa na injini ya silinda 18 zilizopangwa kwa duara na kupozwa kwa hewa. Tarehe 26 Juni 1943 rubani Robert S. Johnson alirudi Uingereza na Thunderbolt iliyotobolewa na risasi za bunduki na mizinga, ikiwa na matundu zaidi ya 200. Mtu akiziweka picha za ndege hizi mbili pamoja na kuhesabu matundu tu, atashangaa, lakini akichora mabomba ya maji kwenye mojawapo na kukosa pa kuyachora kwenye nyingine, mshangao utaisha.

Petroli ni sura ya peke yake. Tangi la kujiziba lilikuwa uvumbuzi mkubwa wa wakati ule, na namna lilivyofanya kazi haiko mbali na anachokifanya fundi wa pancha. Tangi lilizungushiwa tabaka za mpira, mmoja ukiwa umepikwa na mwingine ukiwa mbichi. Risasi ikipita, petroli inaugusa mpira mbichi, nao unavimba na kulifunga tundu. Tangi la namna hiyo liliweza kuziba tundu la risasi ndogo, ingawa lilishindwa na mpasuko mkubwa. Tarehe 18 Desemba 1939 Wellington 22 zilifika katika ghuba ya Heligoland, pwani ya Ujerumani, mchana bila matangi ya kujiziba, na 12 kati yake zikapotea. Kile kiunzi cha tenga nilichokisifu hapo juu hakikuwa na uwezo wa kuzuia petroli isimwagike na kuwaka.

Wabunifu wa Japani walichagua upande mwingine kwa makusudi. Ndege yao ya kivita ya Zero ilipewa alumini nyepesi na imara sana, ikawa na safari ndefu na wepesi wa kugeuka, lakini katika miaka yake ya mwanzo haikuwa na tangi la kujiziba wala bamba la chuma la kumkinga rubani. Ndege ya mabomu ya G4M ilibeba petroli katika mabawa yake bila kinga, ili iweze kwenda mbali, na iliwaka haraka mno ilipopigwa. Kwa hiyo unapochora ndege ya Kijapani ya miaka hiyo, lipake rangi eneo lote la tangi, kisha uone ni sehemu kubwa kiasi gani ya bawa ambayo risasi haikupaswa kuifikia.

Hata tangi dogo huhesabiwa kwa mahali lilipo. Hurricane ilikuwa na tangi la akiba mbele ya rubani, kati yake na injini, na likiwaka moto ulimjia usoni. Marubani wengi walioungua katika mapambano ya anga la Uingereza mwaka 1940 walikuwa katika ndege hiyo ambayo mifupa yake ilisifiwa kwa uvumilivu.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Tarehe 11 Julai 1915, katika mdomo wa mto Rufiji, ndege ya John Cull na mwenzake Harwood Arnold ilikuwa ikiziongoza kwa redio meli za Kiingereza zilizokuwa zikiishambulia manowari ya Kijerumani Königsberg. Mizinga ya Königsberg iliipiga ndege, injini ikafa. Mabawa hayakuwa yamevunjika, hivyo Cull aliiteremsha bila injini huku Arnold akiendelea kutuma masahihisho ya shabaha, hadi wakaanguka mtoni na kuokolewa. Ukiichora ndege hiyo, alama nyekundu itakaa kwenye injini, na kiunzi utakiacha kama kilivyo.

Usimsahau mtu na nyaya zake

Ndege nyingi za zamani ziliongozwa kwa nyaya za chuma zilizotoka miguuni na mikononi mwa rubani hadi mkiani. Zifuate kwa penseli na uone kama zilipita pamoja upande mmoja au zilitenganishwa. Kisha weka duara mahali alipokaa rubani. Katika Il-2 ya Urusi wabunifu walianzia hapo: injini, matangi na rubani viliwekwa ndani ya gamba la chuma lenye unene wa kati ya milimita 4 na 12, na gamba hilo lenyewe likawa sehemu ya mbele ya kiwiliwili, badala ya kuwa mzigo wa ziada.

Swordfish, ndege ya mabawa mawili ya kitambaa, ilisifiwa sana baada ya kuipiga manowari ya Kijerumani ya Bismarck mwezi Mei 1941, na wapo wanaoamini kwamba kitambaa chake kiliifanya isiuawe. Tarehe 12 Februari 1942 Swordfish sita zilizoongozwa na Eugene Esmonde zilizishambulia meli za Kijerumani katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Zote sita ziliangushwa, na watu 13 kati ya 18 walikufa. Kitambaa hupitisha risasi bila kuvunjika, na kwa sababu hiyo hiyo humwacha mtu aliye nyuma yake bila kinga yoyote.

Sasa lipime tundu lenyewe

Kingo zilizoinama ndani zinaonyesha mahali risasi ilipoingia, na zilizofumuka nje zinaonyesha ilipotokea. Tundu la duara lina maana kwamba risasi ilikuja moja kwa moja, na tundu la yai linaonyesha kwamba ilikuja kwa mshazari. Gawanya upana wa tundu kwa urefu wake. Ikiwa urefu ni mara mbili ya upana, risasi iliingia kwa pembe ya takriban nyuzi 30 kutoka usawa wa bati. Ukiwa na tundu la kuingilia na la kutokea, nyoosha uzi kati yake juu ya mchoro, kisha orodhesha kila kitu ambacho uzi umekigusa njiani. Kazi hii ya uzi ndiyo kiini cha usomaji wote, na haifai kufanywa kwa haraka.

Jihadhari na matundu ya uongo. Alumini iliyoliwa na kutu huwa na kingo nyembamba na unga mweupe, na mabaki mengi yaliyoachwa porini yalipigwa risasi baadaye na watu waliokuwa wakijaribu shabaha. Ukikuta mabaki ya vita ardhini, iwe upande wa Kahe, Himo au mpakani, usiokote wala kuchimba kitu kinachofanana na risasi au kombora, hata kama kimeoza. Ondoka na utoe taarifa polisi.

Zikumbuke ndege ambazo hukuziona

Mwaka 1943 mtaalamu wa takwimu Abraham Wald, akifanya kazi katika kundi la utafiti la Chuo Kikuu cha Columbia huko Marekani, alishughulikia swali la uharibifu wa ndege zilizorudi kutoka vitani. Ndege hizo zilikuwa na matundu mahali pengine mengi na pengine machache. Hoja yake, kwa lugha nyepesi, ni kwamba ndege zilizorudi zilikuwa zimevumilia matundu zilizokuwa nayo, na mahali palipo na matundu machache kuliko ilivyotarajiwa ndipo palipowaangusha wale ambao hawakurudi. Kwa hiyo unapomaliza kuchora picha kumi za ndege zilizorudi, chukua karatasi safi, hamishia matundu yote juu ya umbo moja, na uyatazame maeneo yaliyobaki meupe. Picha zilizohifadhiwa zina tatizo hilo pia, kwa kuwa mpiga picha alikuwa uwanjani, na ndege iliyoanguka baharini haikupigwa picha.

Yule kijana alichukua mchoro wa BE2c akaufanyia hatua hizi kwa jioni mbili. Kitambaa cha mabawa alikiacha cheupe karibu chote. Nyaya zilizowekwa mbili mbili alizipaka njano. Rejeta aliitafuta hakuiona, kwani injini yake ya silinda nane ilipozwa kwa hewa, na hapo akatabasamu. Nyekundu aliitumia kwenye injini, kwenye tangi, kwenye shina la boriti za mabawa, kwenye nyaya zinazokwenda mkiani, na kwenye viti viwili, cha mtazamaji mbele na cha rubani nyuma yake. Kisha akapima kwa rula eneo lote la nyekundu na kuligawanya kwa eneo la ndege nzima ikitazamwa kutoka chini, mahali aliposimama askari mwenye bunduki, akaandika jibu pembeni mwa karatasi na kuniletea, akisema, "Mwalimu, sasa naona kwa nini ilirudi. Nipe na ile iliyoanguka Rufiji."